Protini X: Kutoka Wodi za Mulago hadi Vingunguti

Mwaka 1970 jarida la kitabibu la Lancet la London lilichapisha ripoti fupi kutoka Kampala. Waandishi wake, Vogel, Anthony, Mody na Barker, walikuwa wamepima damu ya wagonjwa wa saratani ya ini nchini Uganda, wakitafuta protini ambayo ulimwengu wa tiba ulikuwa umeijua kwa miaka michache tu. Waliikuta kwa wagonjwa hao mara nyingi kuliko kwa watu wasio na saratani hiyo. Mambo mawili kuandamana si ushahidi kwamba moja limezaa jingine, na kila daktari anayejua kazi yake hulikumbuka hilo. Hata hivyo, kuanzia hapo swali halikukwepeka tena: kama protini hiyo ni alama ya kirusi kinachoandamana na saratani ya ini, kirusi hicho kinafanya nini ndani ya ini?

Jibu lilichukua karibu nusu karne. Sehemu kubwa ya jibu hilo ilipatikana katika protini nyingine ndogo ya kirusi hicho, ambayo wanasayansi waliipa herufi X, kwa kuwa hawakujua kazi yake. Protini hiyo huingilia utendaji wa jeni ndani ya seli ya ini: ipi isomwe, ipi inyamaze. Historia yake inapita Philadelphia, Paris, Johannesburg na Geneva, lakini wagonjwa wa Afrika Mashariki wamo ndani yake tangu kurasa za mwanzo, na wanaostahili matunda yake ni watu wa kawaida wa mitaa kama Vingunguti, Dar es Salaam: mchinjaji, mama mjamzito, kijana wa bodaboda.

Hospitali ya Mulago, huko Kampala, haikufikia swali hilo kwa bahati. Kitengo chake cha patholojia, pamoja na Chuo cha Makerere, kilikuwa na desturi ya kuweka kumbukumbu za kila uvimbe uliopimwa, na mwaka 1951 rejista ya saratani ya Kampala ilianzishwa chini ya Daktari Jack Davies. Humo ndimo ilimoonekana wazi kwamba saratani ya ini, iliyokuwa nadra Ulaya, ilikuwa jambo la kawaida Uganda. Mwaka 1957 Davies na mwenzake Paul Steiner waliandika juu ya saratani hiyo na ini lililosinyaa na kujaa makovu, magonjwa mawili yaliyokutwa mara kwa mara katika mwili mmoja. Aghalabu aliyeugua alikuwa mwanamume aliye katika umri wa kutafuta riziki. Alifika hospitali tumbo limejaa maji, upande wa kulia chini ya mbavu pamevimba na pagumu, na muda wa kumsaidia umeshapita.

Wakati huo wengi walilaumu lishe. Utapiamlo wa watoto ulikuwa umesomwa sana Kampala, na ilielekea akilini kwamba ini lililoumizwa utotoni kwa kukosa protini lingekuja kuharibika ukubwani. Wengine walilaumu pombe za kienyeji, wengine mizizi. Kisha mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga zilizoota ukungu, na sumu ya ukungu huo ikatambuliwa. Ndiyo hii ambayo leo Watanzania tunaiita sumukuvu. Wataalamu waliokuwa Nairobi, Frank Peers na Allen Linsell, waliifuatilia Murang'a, nchini Kenya, wakipima vyakula vilivyokuwa tayari kuliwa katika nyumba za wanakijiji. Mwaka 1973 walitangaza kwamba kadiri sumukuvu ilivyozidi katika chakula cha eneo, ndivyo saratani ya ini ilivyozidi katika eneo hilo. Basi Afrika Mashariki ikawa na watuhumiwa wawili, sumu na kirusi. Kama tutakavyoona, wote wawili wana hatia, na wanasaidiana.

Kirusi chenyewe kiligunduliwa na mtu ambaye hakuwa akikitafuta. Baruch Blumberg, daktari wa Marekani, alikuwa akichunguza tofauti za kurithi katika protini za damu za mataifa mbalimbali. Kipimo chake kilikuwa chepesi: unatoboa vishimo katika utando wa ute mgumu, kimoja unatia majimaji ya damu ya mtu aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi, kingine damu ya mtu wa mbali, kisha unasubiri. Protini na kingamwili zinazotambuana zikikutana, mstari mweupe hutokea kati ya vishimo. Mwaka 1963 mstari kama huo ulitokea kati ya damu ya mgonjwa wa hemofilia wa New York na damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Blumberg akakiita kitu hicho antijeni ya Australia, na mwaka 1965 akakitangaza.

Kwamba ilihusiana na homa ya ini kulidhihirika ndani ya maabara yake mwenyewe. Mwaka 1967 fundi wake, Barbara Werner, aliyekuwa akishughulikia damu hizo kila siku, alijisikia mchovu na asiye na nguvu. Akachukua damu yake mwenyewe, akaiweka kwenye kishimo. Siku zilizotangulia kipimo chake hakikuonyesha kitu. Safari hii mstari ulitokea. Akaugua homa ya ini, akapona. Mwaka 1970 David Dane na wenzake wa London walikiona kirusi kizima kwa hadubini ya elektroni, kiduara chenye upana wa nanomita 42. Mwaka 1976 Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel. Siku yake ya kuzaliwa, Julai 28, ndiyo leo Siku ya Homa ya Ini Duniani.

Habari za antijeni ya Australia ziliifikia Kampala upesi. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilikuwa imeanzishwa mwaka 1967 kwa ushirikiano na Marekani, na Charles Vogel alikuwa miongoni mwa madaktari waliofanya kazi pale. Alichohitaji kilikuwa tayari: wagonjwa, damu, na mpatholojia makini, Peter Anthony. Ripoti yao ya 1970 ilifuatwa mwaka uliofuata na nyingine kutoka Nairobi kuhusu wagonjwa wa ini wa Kenya. Mwaka 1973 Anthony, Vogel na Barker walieleza jambo jingine waliloliona kwenye vipande vya maini kutoka Uganda: seli zenye viini vikubwa kupita kiasi na vyenye umbo lisilo la kawaida, zilizokaa pembeni mwa saratani kama hatua iliyoitangulia. Walikuwa wanatazama kwa hadubini seli ambazo jeni zake zilikwisha kuvurugwa, ingawa hapakuwa na chombo cha kuonyesha nani kazivuruga. Wakati ripoti hiyo inatoka, Idi Amin alikuwa madarakani tangu Januari 1971, wataalamu wengi wa kigeni walikuwa wameondoka, na utafiti wa Kampala ukadorora.

Uzi huo ulishikwa mbali. Huko Taiwan, Palmer Beasley na wenzake waliwafuatilia wanaume 22,707, wengi wao watumishi wa serikali, na mwaka 1981 wakatangaza matokeo ambayo yalimaliza ubishi wa takwimu: mwenye kirusi cha homa ya ini B alikuwa na hatari ya kupata saratani ya ini mara zaidi ya 200 kuliko asiye nacho. Ni mara chache sana katika historia ya tiba kumeonekana tofauti kubwa namna hiyo. Sasa ilibaki kujua kirusi kinafanyaje.

Mwaka 1979 maabara ya Paris ilisoma maandishi yote ya kurithi ya kirusi hicho. Yalikuwa mafupi ajabu, kiasi cha herufi 3,200, ilhali ya binadamu ni kama bilioni tatu. Ndani ya ufupi huo kulikuwa na jeni nne tu, zimepandiana hivi kwamba herufi moja hutumika katika jeni mbili kwa wakati mmoja. Tatu zilieleweka: moja ya ganda la nje, moja ya kiini, moja ya kimeng'enya kinachonakili kirusi. Ya nne, fupi kuliko zote, yenye maelekezo ya protini ya asidi amino 154, haikufanana na chochote kilichojulikana. Wakaiita X.

Wakati huohuo seli za Kiafrika zilikuwa zikitoa siri nyingine. Mwaka 1976, Jennifer Alexander na wenzake wa Afrika Kusini walifanikiwa kukuza maabara seli zilizotoka kwenye saratani ya ini ya mgonjwa Mwafrika. Seli hizo zilisambazwa kwenye maabara za dunia, na mwaka 1980 watafiti kadhaa waligundua kwamba vipande vya maandishi ya kirusi vilikuwa vimejipachika ndani ya kromosomu za binadamu. Yaani mgeni hakuishia kupanga chumba. Alijiandikisha kwenye hati ya nyumba. Vipande hivyo mara nyingi vilikuwa vimekatika, lakini jeni ya X, au sehemu yake kubwa, ilikuwa ikisalia.

Hapo ndipo X ilipoanza kutazamwa kwa jicho jingine. Karibu kila seli ya mwili imebeba jeni zilezile, kama 20,000 zinazoagiza protini. Seli ya ini hutofautiana na seli ya ngozi kwa sababu jeni zinazosomwa ndani yake ni tofauti. Kusoma jeni ni kutoa nakala yake ya RNA, na nakala hiyo ndiyo inayoongoza utengenezaji wa protini. Zipo protini za seli ambazo kazi yake ni kuamua nakala itolewe au isitolewe, nyingi au chache. Anayeziathiri hizo ameushika mwenendo mzima wa seli: ikue, ijigawe, ijirekebishe au ife.

Mwaka 1987 Twu na Schloemer walionyesha kwamba kirusi cha homa ya ini B kina uwezo wa kuamsha jeni zisizo zake. Wenzao wakathibitisha kwamba mwenye kuamsha ni X. Njia ilikuwa hii: unachukua kipande cha DNA cha mviringo kiitwacho plasmidi, unakiwekea jeni ya majaribio ambayo kazi yake inapimika, unakiingiza ndani ya seli pamoja na X, kisha unalinganisha. Ilipokuwepo X, jeni iliamka. Ajabu ni kwamba karibu jeni yoyote waliyoijaribu iliamka. X haikujishikiza yenyewe kwenye DNA, na bado kila mahali ilionekana mkono wake. Mwaka 1991 kundi la Aleem Siddiqui huko Denver lilionyesha kwamba X huwashika wasimamizi wa jeni wa seli yenyewe na kubadili mahali wanapojishikiza. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani na Japani walitangaza katika jarida la Nature kwamba panya waliopandikizwa jeni ya X walipata saratani ya ini, hasa madume. Mwaka 1994 ikaripotiwa kwamba X hushikana na p53, protini inayoizuia seli iliyoharibika isiendelee kujigawa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 orodha ya protini zilizodaiwa kushikwa na X ilikuwa ndefu kiasi cha kutia shaka. Maabara nyingine zilipandikiza X kwa panya wao na panya hawakupata saratani. Tatizo kubwa lilikuwa kwamba kirusi hiki hakikukubali kuingia katika seli za kawaida za maabara, hivyo watafiti walilazimika kutumia plasmidi na kumwaga X nyingi kuliko inavyotokea katika ini la mtu. Mlango ambao kirusi huingilia, protini ya seli ya ini iitwayo NTCP, ulifahamika mwaka 2012 tu, kwa kazi ya Li Wenhui na wenzake huko Beijing.

Hata hivyo ishara mbili zilikuwa zimekwisha kujitokeza. Ya kwanza ilitoka kwa mnyama wa porini wa Amerika Kaskazini, wa jamii ya kindi, mwenye kirusi cha ini kinachofanana na cha binadamu. Mwaka 1993 na 1994 ilionekana kwamba kirusi cha mnyama huyo kikiharibiwa jeni ya X, maambukizi hayashiki. Ya pili ilitoka Houston mwaka 1995: X hushikana kwa nguvu na protini ya seli iitwayo DDB1. Kisha mwaka 2011 Julie Lucifora na wenzake walikiingiza kirusi kisicho na X ndani ya seli za ini. Kiliingia, kikajenga duara lake la DNA ndani ya kiini cha seli, kisha kikanyamaza. Waliporudisha X, kikaamka. Basi X haikuwa pambo. Bila hiyo kirusi kipo lakini ni bubu.

Nani alikuwa anakinyamazisha? Jibu lilikuja mwaka 2016 kutoka kwa kundi la Michel Strubin, Chuo Kikuu cha Geneva, na kwa wakati uleule kutoka kwa watafiti wa Houston. Ili kulielewa, tupite kwanza Vingunguti.

Jijini Dar es Salaam jina la Vingunguti huenda sambamba na machinjio. Ng'ombe hutoka mnada wa Pugu, huchinjwa usiku, na kabla hakujakucha wenye mabucha wameshapanga foleni. Nyama haitoki bila mkaguzi. Hupita na kisu, hulipasua ini, hukamua mirija ya nyongo kutazama kama kuna minyoo bapa, hupapasa uvimbe. Lililo zima hupita. Lenye minyoo hutengwa likatupwe, na mwenye mali hata akilalamika neno la mkaguzi ndilo la mwisho.

Seli nayo ina ukaguzi wake. DDB1 ni sehemu ya mashine inayozibandika alama protini zisizotakiwa, na zilizobandikwa husagwa. Seli pia ina mlinzi, mkusanyiko wa protini uitwao Smc5/6, ambaye akikuta duara la DNA lisilo sehemu ya kromosomu hulizuia lisisomwe. Duara la kirusi ni la namna hiyo hasa. X haina nguvu ya kumuua mlinzi. Inachofanya ni kumshika mkaguzi mkono na kumwelekeza ambandike Smc5/6, aliye mzima kabisa, alama ya kutupwa. Mlinzi anasagwa na mashine ya seli yenyewe, na duara la kirusi linaanza kusomwa.

Ugunduzi huo ulifumbua na fumbo la miaka ya nyuma. Plasmidi zilizotumika tangu 1987 nazo zilikuwa maduara ya DNA yaliyo nje ya kromosomu. Smc5/6 ilikuwa ikizinyamazisha nazo, na X ilipomwondoa mlinzi, jeni yoyote iliyowekwa humo iliamka. Tayari mwaka 2012 kundi la Geneva lilikuwa limeonyesha kwamba jeni ileile ikiwekwa ndani ya kromosomu X haiiamshi kwa namna hiyo. Ile sifa ya kuamsha kila jeni, iliyojaza majarida kwa robo karne, kwa kiasi kikubwa ilitokana na chombo cha kupimia. Sayansi haikuwa imedanganya. Ilikuwa imepima kitu sahihi na kukieleza kwa namna isiyotosha.

Je, saratani inatokea wapi basi? Hapa hakuna njia moja. Smc5/6 ana kazi nyingine, kusaidia kurekebisha DNA ya kromosomu zinapovunjika, na seli inayoishi miaka bila mlinzi huyo hukusanya majeraha. Vipande vya kirusi vinavyojipachika kwenye kromosomu navyo huvuruga jeni za jirani. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2012 uliona vipande hivyo katika zaidi ya asilimia 80 ya saratani za ini za wenye kirusi, na mojawapo ya sehemu vilimokutwa mara kwa mara ni kando ya jeni ya TERT, inayoipa seli uwezo wa kujigawa bila kikomo. X pia imehusishwa na kuongezeka kwa alama za kikemikali zinazofunga jeni za kinga dhidi ya saratani. Juu ya yote, askari wa mwili hushambulia seli zilizoambukizwa mwaka baada ya mwaka, ini hujirekebisha, makovu huongezeka, na kila seli mpya ni nafasi nyingine ya kukosea. Kirusi hakina haja ya saratani. Kinataka kusomwa tu, na anayeilipa gharama ni mwenye ini.

Sumukuvu huingia hapohapo. Mwaka 1991 makundi mawili, moja likichunguza wagonjwa wa China na jingine wa kusini mwa Afrika, yalikuta kosa lilelile katika jeni ya p53: herufi moja imebadilika mahali pamoja, nafasi ya 249. Ni alama inayoachwa na sumukuvu. Kwa hiyo mtu mwenye kirusi anayekula mahindi au karanga zenye ukungu hupigwa pande mbili. Watanzania hatuhitaji kufundishwa ukali wa sumu hiyo: mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kabla yake, mwaka 2004, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Aina ya kirusi iliyoenea Tanzania inajulikana kwa alama A1. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliikuta kwa Watanzania, na uchunguzi wa Anna Kramvis wa Johannesburg unaieleza kuwa aina yenye asili ya Afrika iliyosafiri na watu, kwa biashara na kwa utumwa, hadi Bara Hindi na Amerika ya Kusini. Majahazi yaliyobeba pembe na watumwa yalibeba na kirusi. Mwaka 2005 Kramvis na wenzake waliripoti pia kwamba kusini mwa Afrika wenye aina hiyo walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 4.5 kuliko wenye aina nyingine, na kwamba waliipata wakiwa vijana zaidi. Hilo linafanana na walichokiona wapatholojia wa Mulago miaka 50 kabla.

Tukirudi Dar es Salaam, mwaka 2006 watafiti wa Muhimbili walitoa majibu ya vipimo vya wachangia damu 1,599. Asilimia 8.8 walikuwa na kirusi cha homa ya ini B, karibu mtu mmoja katika kila 11, zaidi ya mara mbili ya waliokutwa na VVU, asilimia 3.8. Hawa walikuwa watu waliojiona wazima kiasi cha kujitolea damu. Ndivyo kirusi hiki kilivyo: mtu hukibeba miaka 20 au 30 bila dalili, anabeba zege, anazaa, anacheza mpira, huku X ikifanya kazi yake.

Vingunguti inaonyesha vizuri ugumu wa kuueleza ugonjwa usioonekana. Kata hii ya Ilala, kati ya Barabara ya Nyerere na bonde la Msimbazi, ilijaa kwa watu waliojijengea wenyewe. Ina viwanda, ina mabwawa ya majitaka ya jiji, na machinjio ya kisasa ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2019. Kipindupindu wanakijua. Kwa hiyo mtu akisikia homa ya ini, haraka hufikiria maji machafu. Maji machafu huleta homa ya ini A na E, ambazo kwa kawaida huja na kupita. B haipiti kwenye maji wala kwenye sahani. Inapita kwenye damu na majimaji ya mwili: mama kwa mtoto wakati wa kuzaa, mtoto kwa mtoto kwa michubuko ya utotoni, wembe wa kushirikiana, sindano, ngono. Nje ya mwili kirusi kinaweza kukaa hai siku saba, hata damu ikiwa imekauka. Kumtengea ndugu kikombe chake ni kumwonea. Kumwazima wembe ndiko kwenye hatari.

Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mengi. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa hadi asilimia 90 wa kubaki na kirusi maisha yake yote. Mtu mzima, chini ya asilimia 5. Hapo ndipo chanjo ilipo na nguvu. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, na mwaka 1986 ikaja inayotengenezwa kwa hamira. Tanzania iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2002, na tangu 2009 imo ndani ya sindano moja ya kinga tano. Ukienda kliniki yoyote ya watoto utaiona: mama anamshika mtoto mapajani, muuguzi anamwambia, "Hii ya paja, mama, usimkande," mtoto analia, kadi inaandikwa. Wiki ya 6, ya 10, ya 14. Pale ndipo mlango unapofungwa kabla X haijapata seli ya kukaa.

Bado kuna mianya miwili. Wiki sita ni muda mrefu kwa mtoto wa mama mwenye kirusi, ndiyo maana tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Mwanya wa pili ni sisi tuliozaliwa kabla ya 2002, ambao hatukuchanjwa tukiwa wachanga. Kwa aliyekwisha kuambukizwa chanjo haisaidii. Zipo dawa, kama tenofovir, zinazozuia kirusi kujinakili na kupunguza hatari ya saratani. Lakini haziligusi lile duara ndani ya kiini, na duara likiwepo X huendelea kuzalishwa, ndiyo maana wengi huzimeza kwa miaka mingi na wasiache bila ushauri wa daktari. Kuijua kazi ya X kumeelekeza watafiti kwingine: mwaka 2019 wanasayansi wa Tokyo walionyesha katika seli za maabara kwamba nitazoxanide, dawa ya minyoo na vimelea vya tumbo, inaweza kuitenganisha X na DDB1. Ni mwanzo wa njia, si tiba ya kununua dukani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B, na watu milioni 1.1 waliuawa nayo mwaka huo. Wengi wao hawakuwahi kupimwa. Sayansi imeshafanya sehemu yake kubwa, na imeifanya kwa damu na maini ya watu wa kwetu pia. Kinachobaki hakihitaji maabara ya Geneva. Kama ulizaliwa kabla ya 2002, pima mara moja. Ukikutwa huna, chanjwa. Ukikutwa nacho, usikimbilie mizizi: fungua faili hospitali, upimwe ini kwa vipindi, punguza pombe, na watu wa nyumbani kwako wapimwe. Mama mjamzito aulize kipimo hiki kliniki kama anavyoulizia cha VVU. Kinyozi abadilishe wembe kwa kila kichwa. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, yasisagishwe kwa kuogopa hasara, kwa sababu hasara ya ini haina fidia.